Mstari Mweupe Chini ya Picha

Kazi yangu ni kutaipu programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu wa marehemu. Nimeifanya kwa miaka mingi katika saiba moja ya mtaa wa Kayole, duka la kompyuta na kuchapisha, chini ya nyumba ya ghorofa, hatua chache kutoka steji ya matatu ya Spine Road. Watu huja na daftari la shule lililoandikwa na mikono mitatu au minne, picha iko kwenye simu, na wanataka programu zitoke kabla basi la kupeleka mwili nyumbani halijaondoka. Wengi wao kwao ni magharibi, kama kwetu. Kwa hiyo watu wa mtaa huu nawajua kwa upande wa mwisho. Ninajua mtu alisoma wapi, alibatizwa lini na aliacha watoto wangapi, na sikuwahi kumwona akitembea.

Hakuna mtaipaji anayeanza programu kwenye ukurasa mtupu. Unafungua ya marehemu wa juzi, unafuta jina lake unaweka la huyu, unatoa picha yake unaweka ya huyu. Ratiba ya ibada ni ileile, nyimbo ni zilezile, shukrani za familia ni zilezile. Huyu analala palepale alipolala mwenzake. Sikuwahi kuona ubaya wake. Ilikuwa njia ya kumaliza kazi mapema.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Yeye aliishia darasa la saba, mimi kidato cha pili. Nikileta nyumbani karatasi ya majaribio, aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akitafuta makosa, na akipata alicheka kama mtu aliyeshika mwizi. "Mama, huyu amezaliwa baada ya kifungua mimba wake. Hebu tazama hapa." Alipokufa kwa ugonjwa wa figo, watu waliniambia programu yake niiachie mtu mwingine. Nilikataa. Niliitaipu mwenyewe kwa siku mbili, na ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Picha ilikaa vizuri, maneno yaliizunguka vizuri. Basi baada ya matanga nikirudi kazini, hiyo ndiyo iliyokuwa faili ninayoifungua kila mara. Nilikuwa namfuta yeye na kuweka wengine. Nilijiambia ni kazi.

Macho yalianza kuniacha kwa pembeni. Nilikuwa nagonga watu mabega sokoni, wananigeukia, "Mama, kwani hunioni?" na mimi nacheka. Siku nyingine niliweka kikombe mahali ambapo meza ilikuwa imeishia. Nilipokwenda kliniki, daktari alinipima kwa mashine inayopuliza hewa kwenye jicho, akapima tena.

"Ni presha ya macho, mama. Ilichokwisha kuchukua hakirudi. Hii dawa ni ya kulinda kilichobaki."

"Kilichobaki ni kingi?"

"Si kingi," akasema. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Kazini sikumwambia mtu. Niligundua kwamba kompyuta ina kioo cha kukuzia ndani yake. Nilibonyeza vitufe viwili kwa makosa, herufi moja ikajaa skrini nzima kama mlango wa duka. Nikajifunza kuitumia. Nikajifunza pia kugeuza rangi, karatasi ikawa nyeusi na maandishi meupe, maana weupe ule wa kawaida ulikuwa unanichoma. Kwa mwaka mmoja hivi nilifanya kazi kwa namna hiyo, pua karibu na kioo. Mwenye saiba, ambaye mimi humwita Bosi ingawa ni mdogo kwangu, alidhani ni uzee tu.

Ubaya wa kioo cha kukuzia ni kwamba unaona neno lakini huoni neno lililo jirani yake. Unasoma kama mtu anayetazama chumba kupitia tundu la kufuli. Hivyo ndivyo nilivyofanya kosa ambalo bado linanijia.

Ndugu watatu walikuja na habari za kaka yao. Niliifungua faili yangu ya kawaida. Mume wangu wazazi wake wote wawili walikuwa wametangulia, kwa hiyo ilikuwa imeandikwa: mwana wa marehemu fulani na marehemu fulani. Niliweka majina ya wazazi wa huyu. Neno marehemu kwa upande wa baba lilikuwa sawa. Kwa upande wa mama sikuliona. Mama alikuwa mzima, anamngoja mwanawe nyumbani Vihiga, na programu mia tatu zilishuka kwenye basi zikisema amekufa.

Kwetu mtu hawezi kusema hilo ni kosa la mashine. Ukimwandika mtu aliye hai kuwa marehemu, umemwita kaburini. Nilisikia kwamba mjukuu mmoja alimsomea bibi yule bila kufikiri, na bibi akaacha kula, akasema kama watoto wake wameshamhesabu huko basi afuate. Wale ndugu walirudi saiba. Hawakupiga kelele. Yule mkubwa aliweka programu mezani, akaweka kidole kwenye neno lile.

"Soma hapa, mama. Soma kwa sauti."

Sikuweza kuisoma. Ilikuwa karatasi tu yenye ukungu wa kijivu. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu," kana kwamba nimesoma.

Walipoondoka Bosi alinivuta nyuma ya mashine ya fotokopi. "Huyu bibi akifa leo, wataniambia nimemuua mimi. Unaelewa? Mimi pia nimetoka huko. Programu moja zaidi ikitoka na kosa, kiti cha kompyuta atakaa mtu mwingine. Wewe utasimama hapa kwa fotokopi. Sikufukuzi. Lakini kiti, hapana."

Kiti kile kilikuwa kitu cha pekee nilichobaki nacho. Sina njia ya kulieleza vizuri. Nyumbani palikuwa kimya, watoto wamekwenda na maisha yao, mume hayupo. Pale kwenye kiti watu walikuja wakaniambia habari za wapendwa wao, na mimi nikaziweka sawa, na zikasomwa mbele ya watu. Kwenye fotokopi unabonyeza kitufe cha kijani tu.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, alikuwa mteja. Ni mzee wa mtaa wa Mowlem, haoni tangu utotoni, na kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu katika ofisi moja ya mjini. Alikuja kuchapisha barua. Nilikuwa nimeinamia skrini yenye barua yake, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Dada, mbona unapumulia kioo?"

"Sipumulii."

"Pumzi yako inagonga kitu na kurudi. Mtu anayeona hukaa mbali na skrini. Imekuanza lini?"

Niliketi. Nikamwambia.

Hakunipa pole. Alisema kompyuta ninayoitumia inaweza kuniongelesha, kwamba kuna kisomaji ambacho husoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, nacho hakinunuliwi, na kwamba yeye anakitumia kila siku. "Na Kiswahili kinajua. Kinakisema kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege, lakini kinajua."

Tulipanga aje asubuhi, saa moja, kabla Bosi hajafika. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Siku ya kwanza aliniambia nizime skrini.

"Nitaonaje?"

"Hutaona. Ndiyo kazi yenyewe. Ukiiacha ikiwaka utakuwa unachungulia, na macho yako yatakudanganya uamini yapo."

"Yapo kidogo."

"Hicho kidogo ndicho kilichomuua bibi wa watu," akasema, halafu akacheka mwenyewe. "Samahani, dada. Nasikia bado anakula uji."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtaa mzima una habari.

Sauti ya kisomaji si ya mwanamume wala ya mwanamke. Haikohoi, haivuti pumzi, haishuki mwisho wa sentensi kama mtu aliyechoka. Inasema neno marehemu kama inavyosema sukari. Mzee aliisikiliza kwa kasi ambayo mimi nilisikia mlio tu, kama bisi zinapolipuka kwenye sufuria, naye akawa anatikisa kichwa, ameelewa yote. Mimi alinianzia polepole. Mshale wa chini, mstari mmoja. Kontrol na mshale wa kulia, neno moja. Mshale wa kulia peke yake, herufi moja. Mwanzoni nilikuwa napotea katika sentensi moja kama mtu aliyefumbwa macho uani kwake. Nikalia siku ya tatu. Yeye akangoja nimalize, akasema, "Haya, mshale wa chini."

Kilichonitisha hakikuwa ugumu. Nilipojifunza kufungua folda ya kazi, sauti ilianza kuita majina ya faili. Moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa alfabeti, kama mwalimu anayeita rejista. Wote walikuwa wafu. Nilipokuwa naona, ile ilikuwa orodha tu, jicho linapita juu yake kutafuta linachotaka. Sikio halipiti juu. Sikio linangoja kila mmoja aitwe. Nilikaa pale, skrini imezimwa, asubuhi makanga wanaita abiria nje, na humu ndani majina yanaitwa na hakuna anayeitika. Nilipojua jina la mume wangu linakaribia, niliondoa kidole.

"Mbona umesimama?" mzee akauliza.

"Nimechoka."

"Sawa," akasema. Alijua si uchovu, lakini ni mtu wa heshima.

Sauti ilinifuata nyumbani. Nikiosha vyombo nilisikia, ukurasa wa pili, picha, mstari mtupu. Nikilala mchana Jumapili nilisikia majina. Nilimwuliza mzee kama naye ilimtokea. Alisema hapana, yeye hutumia ya kwake kusomea habari za mpira.

Baada ya wiki sita hivi nilimwambia Bosi kila kitu. Nilimwonyesha. Alisimama nyuma yangu nikitaipu barua na skrini imezimwa, mashine inanisomea, na nikajirekebisha makosa mawili kabla hajayasema. Alikuna kichwa.

"Kwa hiyo siku ile hukuona."

"Sikuona."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ningekaa wapi?"

Alisema kuna mteja atakuja Ijumaa, mzee wao ametoka kufariki, basi linaondoka saa nane mchana. Programu hiyo nitaifanya mimi, peke yangu, hataiangalia. Ikitoka safi, kiti ni changu. Ikitoka na kosa, tusizungumze tena.

Ijumaa alikuja binti wa marehemu, mwanamke wa miaka arobaini hivi kwa sauti, mwenye haraka na mwenye kulia kidogo kidogo bila kusimamisha maneno. Nilifungua faili yangu ya kawaida, nikaruka moja kwa moja kwenye sehemu za kubadilisha; alinisomea daftari, nikataipu. Mpaka saa tano nilikuwa nimemaliza. Mzee wa Mowlem alikuwa amenifundisha kwamba kabla ya kuchapisha nichomoe visikio, niache spika isome yote kwa mteja mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Jicho la mwenye msiba huruka, alisema, lakini sikio lake haliruki.

Nikamwambia, "Keti hapa, dada yangu, usikilize. Popote pasipo sawa niambie."

Sauti ikaanza. Jina la baba yake, tarehe ya kuzaliwa, majina ya watoto, wasifu wa marehemu, picha. Halafu ikasema, kwa namna yake ileile isiyo na pumzi: "Pamoja nao yuko mtoto mmoja aliyeishi siku nne, ambaye baba hakumsahau." Ikaendelea. Alizaliwa katika kijiji, akasoma shule ya msingi.

Nilisimamisha.

"Hapo imesemaje?" binti akauliza. "Mtoto gani?"

Nikapunguza sauti ya spika.

"Anti, mimi sikukusomea hicho. Nani amekuletea hiyo maneno?" Kiti chake kikasukumwa nyuma. "Ni yule mwanamke wa baba kule mtaa wa Fedha, si ndiyo? Niliwaambia! Niliwaambia yule atafika hapa kabla yangu. Ameleta na picha ya mtoto? Nionyeshe."

"Hakuna mtu aliyekuja hapa."

"Basi kimetoka wapi? Kompyuta imejitungia?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Watu wangeamini. Mashine huharibika, kila mtu anajua. Lakini nilijua pia mambo ya kwetu. Mtoto wa nje akitajwa matangani, hata kwa uvumi, kaburi halifunikwi kwa amani. Mama wa binti huyu angesikia, wajomba wangekaa kikao, na mwanamke mmoja wa Fedha ambaye sijamwona angelaumiwa kwa neno ambalo si lake.

Nikasema, "Huyo mtoto ni wangu."

Nikasikia akiketi tena.

Ilikuwa hivi. Mtoto wetu wa tatu aliishi siku nne. Alizikwa hapahapa mjini, asubuhi moja, mume wangu akiwa peke yake na kisanduku, maana mimi nilikuwa bado wodini. Kwetu mtoto wa umri huo hapelekwi nyumbani, na akiwa hajapewa jina hahesabiwi. Nilipoandika programu ya mume wangu niliuweka mstari ule, maana yeye mwenyewe kila tulipoulizwa tuna watoto wangapi alinyamaza kidogo kabla ya kusema watatu, akimhesabu na yeye. Nilipopeleka karatasi ya majaribio kwenye mkutano wa matanga, baba yake mdogo aliusoma akavua miwani. "Huyu hakuwa na jina. Hatuwezi kumsimamisha mbele ya watu. Utoe." Wote wakakubali. Mimi ni mjane, na mjane hajibizani siku hizo.

Nikarudi saiba kuutoa. Lakini kwenye ukurasa ule, ukifuta mstari ulioshikilia picha, picha inaruka kwenda ukurasa wa pili na kila kitu kinavurugika, na nilikuwa nimehangaika nayo siku mbili. Kuna njia ambayo sisi wataipaji wa zamani tunaitumia. Hufuti. Unaupa mstari rangi nyeupe. Karatasi ni nyeupe, mstari ni mweupe, hakuna anayeuona. Nikafanya hivyo, nikachapisha, tukaenda tukazika. Nami nikasahau. Au niseme ukweli: sikusahau, ila nilijiambia kwamba kitu kisichoonekana hakipo.

Na baada ya hapo niliifungua faili ile kwa kila marehemu. Jina nilibadilisha, picha nilibadilisha. Mstari mweupe, kwa vile sikuuona, sikuugusa. Hata nilipogeuza rangi, karatasi ikawa nyeusi, nao uligeuka mweusi pamoja nayo, ukajificha tena. Mtoto wangu alikuwa amelala chini ya picha ya kila mtu niliyemtaipu tangu mume wangu afe. Wazee, wanafunzi, mama wa kwaya. Aliyeweza kumwona ni kitu kisicho na macho.

Nilimweleza binti yule kwa maneno machache kuliko haya. Nilimwambia pia kwamba sioni.

Nilisikia anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Alikuwa mvulana au msichana?"

"Msichana."

"Pole, Anti." Halafu, baada ya kidogo, "Lakini utamtoa."

"Ninamtoa sasa."

Nilichagua mstari ule kwa kibodi. Sauti ikausoma tena ili kunihakikishia, ikasema umechaguliwa. Nikafuta. Nikasikia sauti ikisema, ukurasa wa pili, picha. Picha ilikuwa imeruka, kama nilivyojua itaruka, na hapo kisomaji hakiwezi kunisaidia. Kinajua kuna picha. Hakijui imekaa wapi wala imemkata nani. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Dada yangu, sogeza kiti. Wewe utakuwa unaniambia baba yuko wapi."

Nikawasha skrini kwa ajili yake.

"Ameshuka chini kabisa. Nusu ya kichwa haipo."

"Sasa?"

"Amepanda. Hapana, amepanda sana, amekaa juu ya jina lake. Baba! Hata hapa hutulii." Akacheka na kulia pamoja. "Shuka kidogo. Kulia. Hapo. Mwache hapo hapo."

Bosi aliingia tukiwa hivyo, mimi nashika vitufe, yeye ananiongoza. Alisimama mlangoni. Tulichapisha. Binti aliisoma moja kwa macho yake, ukurasa kwa ukurasa, nikisikia karatasi zikigeuka. Akamwambia Bosi hakuna kosa. Akabeba boksi. Lakini Bosi aliniambia baadaye kwamba alipofika nje alitoa programu moja, akaiinua juu kwenye jua, akatazama chini ya picha kwa muda mrefu. Sijui kama aliniamini. Sijui mwanamke wa Fedha alifikiwa na nini.

Binti yule hakumwambia Bosi habari za mstari. Nilimwambia mimi. Ningenyamaza kiti kingekuwa changu siku hiyohiyo, lakini nisingeweza kukikalia.

Bosi alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini. "Zote?"

"Tangu mume wangu afe, nadhani zote."

"Na watu siku hizi tunawatumia kwa simu. Mtu akinakili maneno akayabandika kwenye grupu ya familia, ule weupe unakwenda?"

"Hauendi. Unakuwa mweusi kama mengine."

"Mungu wangu, mama." Alitembea mpaka kwenye fotokopi akarudi. "Kuna familia huko iliwahi kuuona mstari huo. Lazima ipo. Na haikurudi kuuliza."

Hilo ndilo sijaweza kulitua. Mahali fulani kuna mjane aliyesoma kwenye simu kwamba mume wake alikuwa na mtoto aliyeishi siku nne. Labda alinyamaza. Labda bado anatafuta ni nani.

Bosi alikaa tena. Alisema programu ya leo imetoka safi, na yeye si mtu wa kubadilisha neno. Kiti nitakikalia. Kuanzia sasa mteja ataketi kando yangu wakati wa picha, na kila programu itasomwa kwa sauti kabla ya kuchapishwa. Lakini kwanza nifungue kila faili ya tangu wakati ule, niutoe mstari, hata kama hakuna atakayezichapisha tena. "Zote," akasema. "Moja baada ya nyingine."

Ilinichukua siku kumi na moja, saa za mchana ambapo wateja ni wachache. Nilifungua folda, sauti ikaita jina, nikaingia. Wasifu, picha, halafu yeye. Kila mara kisomaji kiliusoma mstari mara mbili, mara nilipoufikia na mara nilipouchagua, na sikuwa na namna ya kuufuta bila kuusikia. Siku za mwanzo niliishiwa nguvu baada ya faili tano. Baadaye nilifika kumi na tano. Sikuzoea. Watu husema unazoea, mimi sikuzoea. Nilichogundua ni kwamba miaka yote ile, tangu wodini, hakuna mtu aliyewahi kumtaja mtoto yule kwa sauti mbele yangu, na sasa alitajwa siku nzima, na mashine, na mimi nikamtoa kila alipotajwa.

Siku ya kumi na moja ilibaki moja. Nilimwita Bosi.

"Nimemaliza, isipokuwa moja."

"Ya nani?"

"Ya mzee wangu."

"Hiyo si ya mteja," akasema, akaenda kufunga dirisha.

Niliifungua peke yangu. Nikamsikiliza mume wangu wote, kuzaliwa, shule, kiwanda, ndoa. Nikafika kwenye mstari. Nikauchagua, na badala ya kufuta nikautia rangi nyeusi. Nikahifadhi. Kisha nikarudi mwanzo nikasikiliza tena, nikitaka kujua kama kuna kilichobadilika. Hakuna. Sauti iliusoma vilevile kama ilivyousoma ulipokuwa mweupe. Kwangu mimi sasa ni kitu kimoja. Rangi niliiweka kwa ajili ya baba mdogo wa mume wangu na wengine ambao bado wanaona. Nilichapisha nakala moja, nikamtumia baba mdogo huyo nyumbani kwa basi la Busia, bila barua. Hajanijibu.